Bendera kwenye roshani: ukuta ni wa nani?

Wiki hii tunaweka kando karafuu na bei ya dola. Tunazungumzia kitu ambacho kitambaa chake huuzwa kwa mita pale Darajani, lakini thamani yake haijulikani mpaka kifungwe ukutani. Ni bendera ya chama, bango la mgombea, au kibao kilichotundikwa kwenye roshani ya nyumba ya ghorofa.

Mfanyabiashara anaweza kuuliza, hayo yanahusu nini mtaji wangu? Yanamhusu, na zaidi yanamhusu yule anayefikiria kununua nyumba katika majengo mapya ya Unguja, kama yale ya Fumba na Paje, ambako nyumba inauzwa ikiwa bado iko kwenye ramani na mnunuzi anapewa, pamoja na mkataba wake, kitabu cha kanuni za wakaazi. Wengi hukitia saini kitabu hicho bila ya kukifungua. Humo ndani, katikati ya sheria za maegesho, mbwa na rangi ya pazia, ndimo lilimojificha suala ambalo Unguja limewahi kuvunja ujirani wa miaka.

Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 29, 2025 umekwisha na unaofuata ni wa 2030. Kwa hiyo tuko katika kipindi ambacho mtu anaweza kulisema jambo hili bila ya kuulizwa yuko upande gani. Ndiyo sababu tunalileta sasa.

Maskani kwanza, nyumba baadaye

Mgeni anayetoka Marekani akisikia habari ya vibao vya uchaguzi anafikiria ua wa mbele, majani yaliyokatwa vizuri, na kibao kidogo cha karatasi ngumu kilichochomekwa ardhini. Mji Mkongwe hauna ua wa mbele. Mlango unafungukia uchochoroni, na baraza ya mawe ni ya mwenye nyumba lakini wanaokaa ni mtaa mzima. Kwa sababu hiyo tangazo la siasa hapa halikuanzia nyumbani kwa mtu, lilianzia kwenye maskani.

Msomaji wa Unguja hahitaji kuelezwa Kisonge ni wapi. Ubao wa maskani ile, pale Michenzani, umekuwa ukisomwa na rafiki na adui wa Chama cha Mapinduzi tangu miaka ya mwanzo ya vyama vingi. Na upande wa pili, Jaws Corner ndani ya Mji Mkongwe, penye kahawa, bao na dhumna, pamekuwa kwa miaka mingi kijiwe cha wapinzani, kwanza chini ya bendera ya CUF na baadaye ya ACT-Wazalendo. Mtu akipita na mzigo wake anajua bila ya kuuliza amefika kwa nani.

Kibiashara mpangilio huu ulikuwa na faida moja. Alama ya chama ilikaa mahali pa watu wote, si juu ya mlango wa mtu mmoja. Muuza mchele angeweza kukaa Kisonge jioni na asubuhi akamuuzia kila mtu. Duka lake halikusema kitu, isipokuwa picha ya Rais ukutani, na picha hiyo tumekubaliana sote kwa desturi kuwa si siasa. (Tutarudi kwenye picha hiyo, kwani si jambo dogo kama linavyoonekana.)

Lakini kila mambo yalipochafuka, alama ilihama kutoka maskani hadi mlangoni, hata pale ambapo hapakuwa na kitambaa. Wenye umri wanakumbuka hali iliyofuata uchaguzi wa Oktoba 1995, ambao ulikuwa wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi: watu walisusiana harusi, wakasusiana maziko, wakachagua daladala na duka kwa kuangalia chama cha mwenyewe. Baada ya uchaguzi wa 2015 kufutwa na kurudiwa Machi 20, 2016, hasa Pemba, kususiana huko kulirudi, na wapo wenye maduka waliojikuta mbele ya vyombo vya sheria kwa madai ya kukataa kuwauzia wafuasi wa chama kingine. Mwezi huo huo Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, MCC, lilisitisha mpango wa umeme wa zaidi ya dola milioni 470 kwa Tanzania, likitaja uchaguzi wa Zanzibar pamoja na sheria ya makosa ya mtandao. Kwa hiyo anayesema siasa ya hapa haiingii katika hesabu za biashara hajaangalia daftari vizuri.

Somo la Machi 2019

Suala la ukuta ni wa nani lilijitokeza wazi kabisa Machi 18, 2019. Siku hiyo Mahakama Kuu, Dar es Salaam, ilimtambua Profesa Ibrahim Lipumba kuwa mwenyekiti wa CUF, na siku hiyo hiyo Maalim Seif Sharif Hamad akatangaza kuhamia ACT-Wazalendo na wenzake. Kauli iliyokuwa mdomoni mwa kila mtu ilikuwa ya kibaharia: shusha tanga, pandisha tanga. Kabla ya siku kupita, matawi mengi ya Unguja na Pemba yalikuwa yamebadilishwa rangi. Waliolala wakiwa na jirani wa rangi moja waliamka wakimkuta na zambarau.

Mabishano yaliyofuata ndiyo yanayotuhusu hapa. CUF walisema ofisi zao zimechukuliwa. Waliohama wakajibu kuwa majengo mengi ni ya watu binafsi walioyatoa chama kiyatumie, na mwenye jengo ameamua kuhama nalo. Msajili wa Vyama vya Siasa aliwaandikia barua ACT-Wazalendo, na miongoni mwa mambo aliyoyataka maelezo ni madai ya kuchomwa kwa bendera za CUF.

Tuache siasa yake, tuangalie mali. Kibao kilikuwa cha chama, ukuta ulikuwa wa mtu, kiwanja kilikuwa cha serikali kama ilivyo ardhi yote ya Zanzibar tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, na makubaliano baina yao mara nyingi yalikuwa ya mdomo. Palipokuwa na maandishi, mzozo ulikuwa na pa kuanzia. Pasipokuwa na maandishi, aliyekuwa na ndoo ya rangi na ngazi ndiye aliyeshinda usiku ule. Rangi ni rahisi. Kilicho ghali ni kutojua nani ana haki ya kuipaka.

Aina za ukuta

Nyumba ya Unguja, kwa hesabu ya jambo hili, ina ukuta wa namna tatu.

Kwanza ni ya mtu peke yake, tuseme Kiembesamaki au Mwanakwerekwe, yenye ukuta wake na geti lake. Huyu anaweza kutundika anachotaka ndani ya sheria za nchi na za uchaguzi. Hasara na faida ni zake.

Pili ni nyumba ya kukodi. Mji Mkongwe umejaa nyumba za Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, nyumba za Serikali, na nyumba za familia ambazo warithi wako nusu Muskat nusu London. Hapa mpangaji amekodi vyumba, hakukodi uso wa nyumba, isipokuwa mkataba useme vyengine. Tena ndani ya eneo la hifadhi, ambalo liliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe inaangalia kila kinachobadilisha sura ya nyumba, pamoja na kibao cha biashara. Mwenye duka la kanga na mwenye mkahawa wanaijua habari hii kwani wamewahi kuandika barua ya kuomba ruhusa. La kuchekesha ni kwamba kibao cha kuuza aiskrimu hupitishwa kwenye meza ya ofisi, na bendera inayovuka uchochoro mzima hupandishwa alfajiri na vijana wawili na kamba.

Tatu ni nyumba ya ghorofa, na hii ndiyo inayoongezeka. Nyumba za Maendeleo za Michenzani na ndugu zake zilijengwa enzi za Mzee Karume na baada yake, na wengi walipewa nyumba humo badala ya vibanda vilivyobomolewa. Kwa miaka mingi hapakuwa na jumuiya ya wamiliki iliyotajika kisheria: ngazi ilikuwa ya wote, kwa hiyo taa yake haikuwa ya mtu. Roshani kila mmoja aliifanya atakavyo, huyu ameweka matofali, yule vyuma, yule kamba ya nguo, na wakati wa uchaguzi kila mmoja bendera yake.

Mwaka 2010 Zanzibar ilipitisha Sheria ya Kondominio, Namba 10 ya mwaka huo. Bara walikuwa wametangulia kwa sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo. Msingi wa sheria za namna hii popote ulimwenguni ni mmoja: unanunua sehemu yako ya ndani, na pamoja nayo unapata fungu katika mali ya pamoja, yaani kiwanja, paa, ngazi, bomba kubwa, na kwa kawaida ukuta wa nje. Wamiliki wote kwa pamoja ni jumuiya, jumuiya ina kanuni zake, na kila mmoja analipa ada ya huduma.

Hapo ndipo mnunuzi mdogo anapoteleza. Anasema, nimelipa dola zangu, roshani ni yangu. Sakafu ya roshani pengine ni yake. Upande wa nje wa ukuta wa roshani, ule unaoonekana na mpita njia, pengine ni wa watu arubaini. Akifunga bendera pale, mbele ya kanuni amefanya sawa na mtu aliyepaka rangi lifti. Na kinyume chake pia ni kweli: msimamizi akitundika bango la mgombea kwenye geti kubwa la kuingilia, ametumia mali ya watu arubaini kusema neno ambalo pengine kumi na tano hawalikubali, na umeme wa kuliangaza wanaulipia wote.

Wenzetu walivyoparurana

Marekani walianza kugombana juu ya hili mapema, na kwa vile huko mamilioni wanaishi chini ya jumuiya za wamiliki wa nyumba, kesi zao zinafaa kusomwa na mtu wa Fumba.

Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya nchi ile iliamua kesi ya mji wa Ladue, jimbo la Missouri. Mama mmoja aliweka kibao uani kupinga vita ya Ghuba, mji ukasema sheria yake hairuhusu, naye akaishia kuweka karatasi ndogo dirishani. Majaji wote walikubaliana kuwa mji hauwezi kumzuia mtu kusema neno lake kutoka nyumbani kwake. Wengi walidhani mambo yamekwisha. Hayakwisha, kwa sababu mji ni serikali, na jumuiya ya wamiliki si serikali. Jumuiya ni mkataba. Katiba yao inamfunga mkono Meya, haimfungi mwenyekiti wa wakaazi.

New Jersey ndiko walikoipima zaidi. Katika mtaa mkubwa wa Twin Rivers, wenye watu wapatao 10,000, kanuni zilisema kibao kiwe dirishani, au kwenye kitalu cha maua kisizidi futi tatu kutoka ukutani. Baadhi ya wakaazi walishtaki. Mwaka 2007 Mahakama ya juu ya jimbo ikasema kanuni hiyo ni ya kiasi, ibaki. Mwaka 2012 mahakama ile ile ikapata kesi nyengine, ya mkaazi wa Mazdabrook aliyegombea udiwani mwaka 2005 na kuweka mabango yake mwenyewe dirishani na mlangoni mwake. Kanuni za kule ziliruhusu kibao kimoja tu: kile cha kusema nyumba inauzwa. Mahakama ikasema hapana, huko si kuweka utaratibu, huko ni kumziba mtu mdomo.

Hebu msomaji atafakari kanuni ile ya Mazdabrook, kwani iliandikwa na watu wa mali kama sisi. Neno pekee ambalo mtu aliruhusiwa kulisema kutoka dirishani mwake ni kwamba anaondoka.

Majimbo mengine hayakungoja mahakama. California inaizuia jumuiya kukataza kibao kisicho cha biashara kilichowekwa katika sehemu ya mtu mwenyewe kikiwa hakizidi futi 9 za mraba, na bendera isiyozidi futi 15 za mraba. Texas inatoa muda: siku 90 kabla ya uchaguzi hadi siku 10 baada yake, na kibao kisizidi futi 4 kwa 6. Hakuna aliyeuliza kibao ni cha upande gani. Waliuliza ni kikubwa kiasi gani, kiko wapi, na kinaondoka lini.

Hesabu ya jengo la nyumba arubaini

Tuchukue mfano wa kubuni, si wa jengo lolote lililopo. Jengo lina nyumba 40, na kila nyumba ina kura moja katika jumuiya. Mwendelezaji ameuza 22 na bado anashikilia 18. Katika hizo 22, nyumba 12 ni za wageni na Wazanzibari wa ng'ambo wanaokuja mara moja kwa mwaka. 6 zimekodishwa kwa watalii siku hadi siku. 4 tu zinakaliwa na wenyewe mwaka mzima.

Nani anaamua habari ya bendera? Kwa kura, mwendelezaji akipata nyumba tatu tu za kumuunga mkono anafika 21, na amekwisha shinda. Naye anataka nini? Anataka kuuza zile 18 zilizobaki. Wakati wa kampeni atapenda jengo liwe jeupe kama kanzu ya Ijumaa, kwani mnunuzi kutoka Nairobi au Ujerumani akiona roshani nne zenye rangi mbili tofauti anauliza maswali ambayo dalali hana jibu lake. Mwenye kukodisha kwa watalii anafikiri hivyo hivyo: picha iliyoko kwenye mtandao haikuwa na bendera.

Wale wanne wanaokaa ndio wapiga kura. Ndio wenye shehia, ndio wanaojulikana na sheha, ndio ambao maisha yao yanategemea nani anashinda. Na wao wana kura nne kati ya arubaini. Kwa hiyo mtu asishangae katika majengo mapya akikuta kanuni inayokataza kila kitu. Haikuandikwa na chama chochote. Imeandikwa na bei ya nyumba.

Je, mwekezaji mdogo aliyenunua moja kati ya zile sita afurahi? Kwa muda mfupi, ndiyo. Tangu Sheria ya uwekezaji ya 2023 mgeni anayenunua nyumba katika miradi iliyoidhinishwa kuanzia dola 100,000 anaweza kupata kibali cha ukaazi, na wanunuzi wa namna hiyo wanapenda utulivu. Lakini katazo la jumla lina kasoro mbili ambazo hazionekani mpaka Oktoba ya uchaguzi ifike.

Kasoro ya kwanza ni ile picha ya Rais. Kanuni inasema hakuna alama ya siasa. Sawa. Picha ya kiongozi aliyeko madarakani katika ukumbi wa kuingilia ni alama ya siasa au ni heshima ya dola? Miezi hamsini na minane ya kila muhula ni heshima. Miezi miwili ya kampeni sura ile ile iko kwenye bango la mgombea barabarani. Na mapambo ya sherehe za Mapinduzi, Januari 12? Na bendera ya Zanzibar yenyewe, buluu, nyeusi na kijani, ambayo imepepea rasmi tangu Januari 2005 na ambayo kila upande wa siasa unadai kuipenda kuliko mwengine? Msimamizi anayeondoa kitambaa cha zambarau kwenye roshani ya ghorofa ya tatu akaacha picha ukumbini anaweza kuwa hakukusudia lolote. Wakaazi watakuwa na maoni yao. Katazo la jumla mara nyingi huwa linamkataza yule tu ambaye hana njia nyengine ya kuonekana.

Kasoro ya pili ni ya utekelezaji. Nani anapanda kuiondoa? Mlinzi wa zamu analipwa mshahara wa mlinzi, na anakaa mtaa mmoja na ndugu za mwenye bendera. Akiambiwa akaivue usiku, atavua. Asubuhi habari itakuwa imefika Jaws Corner au Kisonge, kutegemea rangi, na jengo ambalo halikuwa na chama limepewa chama. Gharama ya hapo haimo kwenye ada ya huduma.

Mbaya kuliko katazo

Hata hivyo, kwa maoni ya ukurasa huu, kuna kanuni mbaya kuliko katazo, nayo ni kanuni iliyonyamaza. Kitabu kinasema wakaazi waepuke mambo yatakayoleta usumbufu kwa wengine, basi. Maneno hayo yanatosha kwa redio ya sauti kubwa. Kwa bendera, yanamwachia mtu mmoja, msimamizi wa jengo, aamue katikati ya kampeni, akiwa na simu za pande mbili, ni kitambaa kipi ni usumbufu. Lolote atakaloamua litasomwa kuwa ni kura yake. Machi 2019 ilituonyesha kinachotokea pale makubaliano yanapokuwa hewani.

Kanuni inayofaa si ngumu kuiandika. Iseme ukubwa, na ukubwa huo uwe mdogo, wa kuonekana kutoka uwanjani na si kutoka baharini. Iseme mahali: ndani ya dirisha la mwenyewe au upande wa ndani wa roshani yake, kusiwe na gundi, msumari wala rangi kwenye ukuta wa pamoja. Iseme siku, kuanzia kampeni inapofunguliwa rasmi na Tume ya Uchaguzi mpaka wiki moja baada ya matokeo. Iseme kwamba geti, ukumbi, ngazi, lifti na paa havitumiwi na yeyote, akiwemo mwendelezaji mwenyewe na mgeni wake rasmi. Itaje kwa jina bendera ya Taifa, bendera ya Zanzibar na picha za viongozi wa dola, zinawekwa wapi na kwa kipimo gani, ili lile swali la ukumbini lijibiwe kabla halijaulizwa. Na iseme anayevunja kanuni anaandikiwa barua kwanza, na barua inatoka kwa kamati ya jumuiya, si kwa mlinzi. Isiguse neno lolote lililoandikwa kwenye kitambaa, isipokuwa lile ambalo sheria ya nchi tayari inalikataza.

Wapo watakaosema kuwa hata hivyo bendera zitashusha bei. Inawezekana mwezi mmoja au miwili katika kila miaka mitano, na mwenye kukodisha kwa watalii anaweza kuliingiza hilo katika hesabu yake kama anavyoingiza masika. Lakini mnunuzi mwenye akili haogopi kitambaa. Anaogopa jengo ambalo wakaazi wake hawasalimiani, ada ya huduma imesusiwa na nusu ya ghorofa ya pili, na pampu ya maji haijatengenezwa kwa sababu mwenye zamu ya kukusanya fedha ni wa upande ule. Kususiana tunakujua. Kwenye nyumba ya peke yako unaweza kususia jirani ukaishi. Kwenye ghorofa mnatumia tangi moja.

Kabla ya kalamu kugusa karatasi

Anayenunua sasa ana nafasi ambayo mwaka 2029 hatakuwa nayo, kwani kanuni hubadilishwa kirahisi wakati hakuna anayezitazama. Aombe kitabu cha kanuni kabla ya kulipa arbuni, si baada, na akisome kwa Kiswahili; kama kiko kwa Kiingereza tu na yeye Kiingereza chake ni cha kuuzia viungo, amlipe wakili wa kumsomea. Atazame ukuta wa nje umeandikwa kuwa ni wa nani. Aulize mwendelezaji anabaki na kura za nyumba ambazo hajaziuza mpaka lini, na kanuni hubadilishwa kwa wingi wa kura kiasi gani. Kama ni robo tatu, basi kilichoandikwa leo ndicho atakachokaa nacho.

Kwa aliyekwisha nunua, mkutano wa mwaka wa jumuiya ndio mahali pake, na Wazanzibari wa ng'ambo wanaomiliki nyumba na hawaji mkutanoni watume uwakilishi kwa maandishi, maana asiyekuja huhesabiwa kuwa ameridhika.

Kwa mwenye nyumba ya kupangisha Mji Mkongwe, iwe ni yake au anaisimamia kwa niaba ya warithi, kifungu kimoja katika mkataba kinatosha: uso wa nyumba haujapangishwa. Mpangaji akitaka kuutumia, kwa duka au kwa chama, aombe kwa maandishi, na lile linalohitaji ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe alitafutie ruhusa yeye. Na gharama ya kubandua mabango na kupaka chokaa upya ikatwe katika dhamana yake. Chokaa, si rangi ya mafuta. Kuta za mawe na udongo za Mji Mkongwe zinahitaji kupumua, na gundi ya mabango ya kampeni moja ikifunikwa kwa rangi ya mafuta huondoka na plasta yote, kama wenye nyumba kadhaa walivyogundua masika yalipofika.